Mtaalamu wa Sayansi katika Riwaya ya Upelelezi: Bwana Msa, Kapenguria na Nyayo za Turkana

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekwisha kuandika mengi juu ya riwaya ya upelelezi. Baadhi yao wameiita fasihi ya starehe isiyo na uzito wa dhamira. Wengine wameitetea kwa hoja kwamba ndiyo iliyowazoesha watu wengi kusoma kitabu kizima cha Kiswahili kwa hiari yao, bila kulazimishwa na mwalimu wala mtihani. Makala haya hayana nia ya kuufufua mjadala huo. Yanakusudia kumchunguza mhusika mmoja tu, ambaye katika riwaya za upelelezi za Ulaya na Marekani ni wa kawaida sana, ilhali katika riwaya zetu ni haba: mtaalamu wa sayansi anayewasaidia polisi.

Mhusika huyu si askari, wala hana madaraka ya kumkamata mtu. Kazi yake ni kuchunguza damu, mfupa, sumu, mwandiko au alama ya kidole, kisha kueleza mbele ya watu kile alichokiona. Swali linalozuka ni hili: kwa nini mhusika huyu hajapata makao katika riwaya ya Kiswahili? Jibu la haraka ni kwamba nchi zetu zilikuwa na maabara chache, na mwandishi huandika anachokijua. Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini halitoshi. Waandishi wetu wameandika juu ya majasusi, ndege na silaha ambazo wengi wao hawakupata kuzigusa, na ukosefu wa ujuzi haukuwazuia.

Tutajaribu kuonyesha kwamba sababu hasa inahusu lugha na uaminifu. Mtaalamu wa sayansi ni mkalimani: huvitafsiri vitu bubu katika maneno ya binadamu. Mkalimani hustahili kusadikiwa pale tu msikilizaji anapoweza kumfuata hatua kwa hatua. Katika historia ya Afrika Mashariki, na ya Kenya hasa, mkalimani huyo alisimama upande wa serikali na kusema kwa lugha ya serikali. Hata hivyo, riwaya ya Kiswahili tayari inao mlango ambao anaweza kuingilia. Mifano yetu itatoka Zanzibar, kisha katika mahakama ya Kapenguria, na mwishowe huko Turkana, baina ya Lodwar, Kakuma na Namoruputh, ambako elimu ya kusoma alama za ardhini ni ya zamani kuliko polisi yeyote.

2. Mkalimani wa vitu bubu

Yafaa kwanza tutazame asili ya mhusika huyu kwa ufupi. Sherlock Holmes alitokea mara ya kwanza mwaka 1887 katika A Study in Scarlet, riwaya ya Arthur Conan Doyle, aliyekuwa daktari. Msomaji anapokutana na Holmes kwa mara ya kwanza, humkuta maabarani akishangilia ugunduzi wa dawa ya kutambua damu. Yaani kabla hatujamwona akimfuata mwovu yeyote, tunaonyeshwa kwamba anajua kukiuliza kitu swali na kupata jibu. Conan Doyle mwenyewe alikiri kwamba alimchukua kama kielelezo mwalimu wake wa Edinburgh, Dakta Joseph Bell, ambaye aliweza kutambua kazi na safari za mgonjwa kwa kumtazama tu.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1907, R. Austin Freeman alimtoa Dakta Thorndyke katika The Red Thumb Mark. Freeman pia alikuwa daktari, na alipata kufanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, mwishoni mwa miaka ya 1880. Katika riwaya hiyo almasi zimeibwa katika kasha la chuma, na karatasi yenye alama ya kidole gumba iliyochapwa kwa damu imekutwa humo. Polisi wa London wanaitambua kuwa ni ya kijana mmoja, na kwao kesi imekwisha. Thorndyke anasimama kumtetea kijana huyo. Anathibitisha kwamba alama ya kidole inaweza kughushiwa, na kwamba ile iliyokutwa kashani imeghushiwa kweli.

Jambo hili linastahili kutiliwa mkazo. Huyu mtaalamu ambaye sisi tumezoea kumwita msaidizi wa polisi alianza, katika mojawapo ya vitabu vilivyomjenga, kwa kuwapinga polisi. Aliwasaidia kwa kuwaonyesha kwamba wamekisadiki kitu kabla ya kukielewa. Freeman aliandika hayo miaka sita tu baada ya polisi wa London kuanzisha ofisi yao ya alama za vidole mwaka 1901, wakati ambapo watu wengi waliiona elimu hiyo mpya kama neno la mwisho.

Kwa hiyo tukimweleza mhusika huyu kwa kazi yake katika hadithi, tutaona kwamba ana mambo matatu. Kwanza, anasoma alama ambayo wengine wameiona bila kuisoma. Pili, anaieleza kwa mtu asiyekuwa mtaalamu, ambaye ni rafiki, msaidizi au mahakama. Tatu, maelezo yake yanaweza kupingwa kwa kuitazama upya alama ileile. Likikosekana la tatu, mtaalamu huwa mganga tu mwenye koti jeupe.

3. Bwana Msa na elimu ya maneno

Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Zanzibar, mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991, ndiye mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, ikachapishwa mwaka 1960. Baadaye zilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Kabla ya kuwa mhariri, Abdulla alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya kwa muda wa miaka kumi. Hakuwa mgeni, basi, wa kazi ya kuingia katika nyumba za watu na kutafuta sababu ya jambo lisiloonekana kwa macho.

Wasomi wengi wamekwisha kuonyesha kwamba Bwana Msa ni ndugu wa Holmes: ana kiko chake, ana rafiki yake Najum anayemfuata kila aendapo, na yupo Inspekta Seif anayewakilisha sheria. Lakini tukilinganisha kazi zao tunaona tofauti kubwa. Bwana Msa hana maabara. Hapimi damu wala majivu ya tumbaku. Anasikiliza. Anamwacha mtu aseme, kisha anarudi kesho yake kumsikiliza tena, mpaka maneno ya jana na ya leo yakatae kukaa pamoja. Elimu yake ni ile ya methali isemayo njia ya mwongo ni fupi.

Je, tuseme basi kwamba Bwana Msa hana sayansi? La hasha. Ikiwa sayansi ni tabia ya akili kabla haijawa vifaa, Bwana Msa anayo. Tazama majina ya vitabu viwili vya kwanza: mzimu, na Giningi, ambayo katika masimulizi ya visiwani ni nchi ya wachawi. Mwandishi anamleta msomaji mahali ambapo watu wameogopa kwa vizazi, kisha anamwuliza mkono wa nani umetenda. Hauchekeleshi uoga wa watu, lakini hauruhusu uwe jibu. Hiyo ni hatua ya kwanza ya kila mwanasayansi.

Kuna jambo jingine, nalo ni la lugha. Katika hadithi kadhaa za Abdulla fumbo la mauaji au la urithi lina mizizi katika nasaba. Swali linalorudi ni nani mtoto wa nani: siri ya uzazi iliyofichwa miaka mingi, mtu mwenye jina lisilo lake, mrithi asiyejulikana. Bwana Msa analitafuta jibu katika barua za zamani, katika kumbukumbu za wazee, na katika sura za watu. Sasa, lugha yetu ilipohitaji neno kwa zile chembe za urithi ambazo maabara huzisoma katika damu na mate, wataalamu walichukua neno nasaba na kulitia kiambishi cha udogo, tukapata vinasaba. Bila ya kukusudia, waundaji wa istilahi waliunganisha maabara na Bwana Msa. Swali la vinasaba ni swali lake hasa, na limebadilika chombo tu.

Waandishi waliomfuata Abdulla hawakuendelea katika njia hiyo. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) alitupeleka Dar es Salaam, mjini, kwenye simu na magari. Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), alimleta jasusi Willy Gamba, naye Ben Mtobwa katika miaka ya 1980 akamleta Joram Kiango. Hawa ni mashujaa wa mbio na silaha. Hushinda kwa ushujaa na werevu wa papo hapo, na dalili ndogo ndogo hazipewi nafasi kubwa, kwani risasi haimpi mtu muda wa kuinama na kutazama vumbi. Hatusemi kwamba riwaya hizo ni duni. Zilijibu haja za wakati wao, hasa vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Tunasema tu kwamba nafasi ya mtu anayeinama ilibaki wazi.

4. Kidole, mwandiko na mkalimani wa Kapenguria

Ili kuelewa kwa nini nafasi hiyo ilibaki wazi, hatuna budi kukumbuka jinsi sayansi ya polisi ilivyowafikia wasomaji wetu. Elimu ya alama za vidole ilikuzwa katika makoloni kabla ya kurudi Uingereza. William Herschel alianza kuchapa alama za mikono na vidole kwenye mikataba huko Bengal, India, mwaka 1858. Ofisi ya alama za vidole ilianzishwa Calcutta mwaka 1897, na mpangilio uliopewa jina la Edward Henry ulitegemea sana akili za Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Nchini Kenya, sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilitungwa mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaanza kutekelezwa kwa nguvu. Kila mwanaume aliyefikia umri wa miaka kumi na sita alitakiwa kuwa na kipande chenye alama za vidole vyake, akakivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma.

Kwa msomaji wa London mwaka 1907 alama ya kidole ilikuwa kitu cha kumfichua mhalifu mmoja. Kwa mzee wa Kenya mwaka 1925 ilikuwa kitu kilichochukuliwa kwake kabla hajatenda kosa lolote. Si ajabu, basi, kwamba watoto na wajukuu wa mzee huyo walipoandika hadithi hawakuona shujaa katika mtu anayeshika wino na karatasi ya vidole.

Hata hivyo Kenya ilipata kuwa na mtaalamu wa sayansi aliyewasaidia polisi kwa hakika, na maisha yake yanafanana na riwaya. Louis Leakey anajulikana duniani kwa mabaki ya binadamu wa kale aliyoyachimbua. Wasiojua wengi ni kwamba wakati wa Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni ilimwingiza katika kazi ya ujasusi, naye akahoji watu, akachunguza miandiko, na kushiriki katika upelelezi wa kawaida wa polisi. Alilelewa miongoni mwa Wakikuyu na kukisema Kikikuyu kama mzawa. Tukimtazama kwa macho ya mwandishi wa riwaya, anazo sifa zote: jicho la mtu anayesoma mfupa, na sikio la mtu anayejua lugha.

Jomo Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa Kapenguria mwishoni mwa mwaka 1952, Leakey aliteuliwa kuwa mkalimani wa mahakama. Mwaka huohuo alikuwa ametoa kitabu, Mau Mau and the Kikuyu, kilichoonyesha wazi msimamo wake juu ya jambo lililokuwa mbele ya hakimu. Mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D. N. Pritt, walidai kwamba tafsiri zake zilielemea upande mmoja, naye akajitoa. Mtaalamu hakukosa elimu ya lugha. Alichokosa ni imani ya wale ambao maneno yao aliyabeba.

Hukumu ilitolewa tarehe 8 Aprili 1953. Wafungwa walipelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar, alikokaa hadi 1961. Shahidi mkuu wa mashtaka, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi alioutoa ulikuwa wa uongo. Hapo njia ya mwongo haikuwa fupi hata kidogo. Ilichukua zaidi ya miaka mitano, na kupita katika jangwa lote la Turkana. Lau kesi ile ingetegemea alama na vitu vinavyoweza kutazamwa upya, badala ya kinywa cha mtu mmoja aliyelipwa, labda ingekwenda vingine. Hapa tunaona kasoro ya elimu ya Bwana Msa inapokuwa peke yake. Kusikiliza kunahitaji msikilizaji anayetaka kusikia, na Kapenguria hapakuwa na msikilizaji wa namna hiyo.

5. Wanaoinama: Turkana kama shule ya dalili

Nchi hiyohiyo iliyowapokea wafungwa wa Kapenguria ndiyo itakayotupa mfano wa pili. Namoruputh ni kituo kidogo cha Loima, magharibi ya Lodwar, kwenye njia iendayo Lokiriama na mpaka wa Uganda. Watu wake wengi ni wafugaji. Katika nchi ya namna hii wizi wa mifugo si habari ya gazetini, ni jambo la kufa na kupona, na upelelezi wake huanza ardhini. Mchungaji hujifunza tangu utotoni kutambua nyayo za wanyama wake, kujua kama unyayo ni wa asubuhi au wa jana, kama mnyama amekwenda kwa hiari au amefukuzwa. Mifugo hutiwa chapa na kukatwa masikio kwa namna inayomtambulisha mwenyewe. Polisi wanaotumwa huko kutoka mikoa mingine wamejua siku nyingi kwamba bila ya mwenyeji wa kufuata nyayo watazunguka tu jangwani.

Mtu anayefuata nyayo hutimiza mambo matatu tuliyoyataja. Anasoma alama ambayo mgeni ameikanyaga bila kuiona. Anaweza kuieleza kwa kuonyesha kidole: tazama hapa mchanga ulivyosukumwa, tazama pale kwato ilivyoteleza. Hali kadhalika, anaweza kupingwa, kwa kuwa mwisho wa nyayo ama yupo mnyama ama hayupo. Hapo anatofautiana na emuron, mtabiri wa Kiturkana, ambaye pia ni msomaji, lakini wa matumbo ya mbuzi. Emuron hujibu maswali ya yale yajayo na ya maana ya mambo, na heshima yake katika jamii ni kubwa. Mfuata nyayo hujibu swali la yaliyotokea. Mwandishi atakayeandika riwaya ya upelelezi ya Turkana atawahitaji wote wawili, na atahitaji kujua tofauti yao.

Elimu hii ya kuinama ndiyo iliyoifanya Turkana ijulikane katika sayansi ya dunia. Tarehe 22 Agosti 1984, karibu na mto Nariokotome, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi iliyokaribiana sana na ya mawe yaliyokizunguka. Kipande hicho kilifuatwa na kiunzi karibu kamili cha kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wataalamu walisoma umri wake katika meno na mifupa, na wachunguzi wa mwanzo waliona katika taya dalili ya ugonjwa ambao huenda ndio uliomwua. Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, hakuanza na shahada ya chuo kikuu. Alianza na jicho.

Mfano ulio karibu zaidi na riwaya ya upelelezi ni Nataruk, magharibi ya Ziwa Turkana. Mwaka 2012 watafiti waliokuwa wakiongozwa na Marta Mirazón Lahr walikuta mabaki ya watu wasiopungua 27, wa miaka kama elfu kumi iliyopita. Katika viunzi 12 vilivyobaki vimeungana, waliripoti kwamba 10 vilikuwa na majeraha ya kuua. Kipande chembamba cha jiwe la volkano kilikuwa kimekwama katika fuvu la mtu mmoja. Mwanamke aliyekuwa na mimba kubwa alilala kwa namna iliyowafanya wadhani kwamba alifungwa mikono na miguu. Walipochapisha taarifa yao katika jarida la Nature mwaka 2016, walisema hayo yalikuwa mauaji ya kundi zima. Mwaka huohuo wataalamu wengine waliitazama mifupa hiyohiyo katika picha na maelezo, wakasema kwamba baadhi ya mipasuko yaweza kutokana na uzito wa udongo, na kwamba miili huenda haikulazwa hapo wakati mmoja. Lahr na wenzake wakajibu.

Mjadala huo usionekane kuwa udhaifu wa sayansi. Ndio uliokosekana Kapenguria. Mfupa umewekwa mezani, kila mtu amesema anachokiona na kwa nini anakiona, na msomaji aliye mbali anaweza kupima. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini methali hiyo haisemi kwamba kila wingu ni mvua.

Mbele ya Namoruputh, huko Lokiriama, mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walifanya mapatano ya amani, na silaha zikazikwa ardhini. Mtu wa miaka elfu ijayo akizichimbua bila masimulizi ataona ushahidi wa vita. Ni maneno ya watu wa Loima yatakayomwambia kwamba ni ushahidi wa amani. Hivyo vitu na maneno huhitajiana, na wala Thorndyke peke yake wala Bwana Msa peke yake hatoshi.

6. Ushahidi, shahada na lugha ya mahakama

Tuyatazame sasa maneno yenyewe. Kiswahili kina dalili, ushahidi, kielelezo na thibitisho. Dalili ni alama inayoelekeza. Kielelezo ni kitu kinachowekwa mbele ya mahakama. Thibitisho ni mwisho wa hoja. Ushahidi unatokana na shahidi, naye shahidi ni mtu, aliyekuwapo na kuona. Katika mantiki ya lugha yetu kisu hakiwezi kuwa shahidi, hata kikiwa na damu. Lazima awepo mtu wa kukisemea. Na neno tunalolitumia kwa cheti cha huyo msemaji, yaani shahada, ni la shina lilelile la Kiarabu. Mtaalamu huja mahakamani na shahada yake ili atoe ushahidi. Hatari iliyopo ni kwamba mahakama, au msomaji, atapokea shahada mahali pa ushahidi: atamsadiki mtu kwa cheti chake bila kuelewa alichokisema.

Hatari hii si ya nadharia tu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mchungaji amepigwa na kujeruhiwa kichwani karibu na Namoruputh. Anasimulia kwa Kiturkana. Polisi anaandika maelezo kwa Kiswahili au Kiingereza. Daktari wa Lodwar anajaza fomu P3 kwa Kiingereza, akitaja aina ya jeraha na chombo kilichodhaniwa kulisababisha. Sheria ya Kenya inaruhusu mahakama za chini zitumie Kiingereza au Kiswahili, Katiba ya 2010 imezifanya lugha hizo mbili kuwa rasmi, na ibara yake ya 50 inampa mshtakiwa haki ya mkalimani. Lakini mkalimani anapofika kwenye maneno ya daktari, mara nyingi hana neno la Kiswahili lililozoeleka, sembuse la Kiturkana. Anasema kwamba daktari amethibitisha. Hoja nzima ya kitaalamu imegeuka kitenzi kimoja. Mjeruhiwa na mshtakiwa wote wawili wametolewa nje ya kesi yao.

Huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, jambo hili ni gumu zaidi. Watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia wanaishi pamoja, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Kwa wengi wao Kiswahili chenyewe ni lugha ya tatu au ya nne. Neno la kitaalamu lisiloelezwa kwa maneno mepesi haliwafikii kabisa.

Tanzania imepiga hatua. Mwaka 2009 ilitunga sheria ya vinasaba vya binadamu, na mwaka 2021 sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Nchini Kenya neno vinasaba halijaenea hivyo. Magazeti na redio husema chembechembe za DNA, na wengine msimbojeni. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, jamaa waliombwa watoe sampuli ili wapendwa wao watambuliwe, na miili ya kwanza ikakabidhiwa Machi 2024. Maelfu ya watu walilisikia neno DNA redioni kwa mwaka mzima. Ni wangapi walielezwa, kwa Kiswahili chepesi, jinsi mate ya mama yanavyoweza kumtaja mtoto aliyelala kaburini bila jina? Hilo lilikuwa swali la nasaba, na mzee yeyote wa pwani angelielewa lau lingesemwa hivyo.

Kamati za istilahi haziwezi kuifanya kazi hii peke yake. Kamati huunda neno, lakini hadithi ndiyo inayolipa neno pumzi. Msomaji wa Kiingereza wa mwanzo wa karne ya 20 hakujifunza alama za vidole katika kamusi. Alizijifunza alipokuwa na wasiwasi juu ya kijana asiye na hatia katika kitabu cha Freeman.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba uhaba wa mtaalamu wa sayansi katika riwaya ya Kiswahili hautokani na ukosefu wa maabara peke yake. Unatokana pia na historia iliyomfanya mtaalamu huyo kuwa mtu wa upande wa pili, mwenye kidole cha wino na lugha isiyofuatika. Tumeona vilevile kwamba jamii zetu hazikukosa wasomaji wa dalili, na kwamba Turkana inao tangu zamani, wenye vyeti na wasio na vyeti.

Ni nani basi atakayeuziba pengo hili? Kwa maoni yetu mwandishi anayetafuta njia asianze na Thorndyke. Aanze na Najum. Katika riwaya za Abdulla, Najum ni mtu wa kuuliza. Haelewi, naye haoni haya kutoelewa, na kwa sababu yake Bwana Msa hulazimika kueleza fikira zake zote kwa maneno ya watu. Wahakiki wamemtazama Najum kama kivuli cha rafiki yake tu. Sisi twaona kwamba yeye ndiye dhamana ya msomaji. Mwanasayansi wa riwaya ijayo, awe daktari wa Lodwar, mkemia wa serikali au mfuata nyayo wa Loima, anamhitaji Najum wake: mwanafunzi wa Kakuma, karani wa mahakama, au mama wa mchungaji aliyejeruhiwa, atakayemshika mkono na kumwambia, "Bwana, rudia hapo, sikukuelewa."

Sisi wa vyuo vikuu tunaweza kusaidia kwa kazi mbili zilizo ndani ya uwezo wetu. Kwanza ni kukusanya maneno ya wafuata nyayo, ya Kiturkana na ya lugha nyingine za wafugaji, kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka, na kuyatafutia mwenzi wa Kiswahili. Pili ni kuzisoma upya riwaya za upelelezi pamoja na wanafunzi wetu kwa swali jipya: katika kila ukurasa mtu anapoambiwa kwamba jambo limethibitishwa, je, ameonyeshwa? Mwanafunzi atakayezoea kuliuliza swali hilo kitabuni atakuwa siku moja mkalimani, karani, wakili au hakimu katika mji kama Lodwar, na huko atalihitaji.